Koti la Mpiga Besi

Hapo zamani, zamani ya juzi juzi ambayo wengine wenu mlikuwa mmeshazaliwa, palikuwa na chuo kikuu huko nyanda za juu, mahali paitwapo Ilembe. Ilembe kuna baridi. Watu wake huvaa sweta mwaka mzima, na ukungu wa asubuhi huingia madarasani bila kubisha hodi. Chuo hicho kilifundisha kilimo, kikafundisha sheria, kikafundisha uhandisi, kikafundisha udaktari wa mifugo, kikafundisha na muziki. Na kwa kuwa kilifundisha muziki, kilikuwa na okestra.

Okestra hiyo ilikuwa na mwenyewe, naye ni Mwalimu Nzowa. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye masikio makali kuliko ya paka. Ukikosea noti hakugombezi. Anafumba macho tu, taratibu, kama mtu aliyeshikwa na jino. Wapigaji wake wote walivaa makoti ya kijani yenye vifungo vya shaba, na walipopita chuoni na makoti yale hata wapishi waliwaongezea nyama. Lakini sharti lilikuwa moja: asiyesoma muziki haingii. Unasoma kilimo? Kalime. Unasoma sheria? Kabishane. Unasoma mifugo? Kakamue. Okestra waachie wenyewe.

Basi alikuwapo binti mmoja, jina lake Tusekile, mzaliwa wa Tukuyu, mwanafunzi wa udaktari wa mifugo. Zizi la chuo lilikuwa nyuma ya ukumbi wa muziki, ukuta kwa ukuta. Kila alasiri Tusekile alikuwa zizini akiwapima ng'ombe joto, na kama hamjui joto la ng'ombe hupimwa wapi, msiniulize mbele ya wakwe zangu. Anapima huku anasikiliza. Fidla zinalia, tarumbeta zinajibu, na yeye kasimama na kipimajoto mkononi, amesahau ng'ombe, amesahau na namba aliyoisoma.

Sasa Tusekile alikuwa na jambo lake. Mungu alimpa sauti nzito. Kwao, katika kwaya ya kanisa, wasichana wenziwe waliimba sauti ya kwanza na ya pili, yeye akawekwa nyuma na wanaume, kwenye besi. Watoto wakamcheka, wakamwita Baba Mchungaji. Tangu siku hiyo alifunga mdomo. Aliongea kwa kunong'ona, akacheka kwa kunong'ona, hata ng'ombe aliwafukuza kwa kunong'ona, nao hawakuondoka. Lakini alasiri moja, kutoka ukumbi ule, alisikia chombo chenye sauti nzito kama yake. Kililia chini kabisa, polepole, na muziki wote ukakaa juu yake kama nyumba juu ya msingi. Hakuna aliyekicheka. Tusekile akauliza ni nini kile, akaambiwa ni besi, fidla kubwa kama kabati la nguo, hupigwa kwa kusimama.

Tangu hapo akawa haishi kukiwaza.

Mwanafunzi aliyekuwa akiipiga besi ile akahitimu, akaenda zake. Siku ya kuondoka, kwa furaha ya shahada, aliibwaga besi vibaya, ikavunjika shingo, ikatupwa stoo. Wanafunzi wa muziki hawakuitaka. Nzito hiyo, wakasema. Tena unasimama nyuma, kwenye picha huonekani.

Tusekile aliposikia kiti cha besi kiko wazi, ingawa ni kiti cha kusimama, alijikaza, akaenda mpaka mlangoni pa ukumbi na mabuti yake ya mpira.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Umepotea, binti? Zizi liko nyuma."

"Sijapotea, Mwalimu. Naomba kuingia okestra."

"Unasoma nini?"

"Mifugo."

Mwalimu Nzowa akafumba macho.

Tusekile akatoka, akakaa kwenye ngazi, machozi yanamlengalenga. Kumbe ngazini hakuwa peke yake. Walikuwa wamekaa wengine wawili, nao wamefumbiwa macho siku hiyo hiyo. Mmoja ni Shekalaghe, kijana wa Lushoto, anasoma uhandisi. Wa pili ni Kokusima, binti wa Bukoba, anasoma sheria.

"Wewe unataka nini humo?" Tusekile akamnong'oneza Shekalaghe.

"Nataka kujua sanduku la mbao linaongeaje. Nimesoma habari za madaraja na mabwawa, hakuna hata moja linaloimba."

"Na wewe, dada?"

"Mimi nilikuja kuuliza tu kiti cha wazi ni cha nani," akasema Kokusima. "Nikaambiwa si cha kwangu. Basi, tangu niambiwe si cha kwangu, sili nikashiba."

Wakatazamana. Wakacheka, Tusekile kwa kunong'ona. Halafu Kokusima akasimama, akajipangusa sketi. "Nisubirini," akasema.

Akaenda mbele ya baraza la chuo. Wakubwa wamekaa, miwani puani, chai mezani. Kokusima akaomba kusema, na mtu akimpa Kokusima nafasi ya kusema ajue amekwisha.

"Waheshimiwa," akasema, "wanaosoma muziki wanakula maharage. Maharage yanalimwa na wanaosoma kilimo. Wanakunywa maziwa. Maziwa yanatoka kwa wanaosoma mifugo. Ukumbi wao ukivuja, wanaziba wanaosoma uhandisi. Hakuna aliyewauliza wanaosoma muziki, mnakula maharage kwa shahada ipi? Mbona sisi tukiwaomba kiti kimoja, tena ambacho wao wenyewe hawakitaki, tunaulizwa shahada?"

Baraza likacheka mpaka chai ikamwagika. Mwalimu Nzowa alikuwapo, naye hakucheka, lakini hakufumba macho. Akasema, "Sawa. Kiti cha besi. Mtu mmoja tu asiyesoma muziki, na jina lake likishaandikwa halibadilishwi mpaka ahitimu. Unakubali?"

"Nakubali kwa niaba ya wote," akasema Kokusima.

Mlango ukafunguka. Lakini mlango umefunguka, besi imevunjika. Mtu ataingia apige nini?

Hapo akasimama Shekalaghe. "Nisubirini," akasema.

Akaibeba besi mgongoni kama mtu anayemwahisha mgonjwa hospitali, akaipeleka karakana. Akaipima, akaigonga, akaisikiliza. Shingo ilitaka mti mkavu, mgumu, uliokaa miaka. Akautafuta karakana, hakuupata. Akautafuta mjini, hakuupata. Mwisho akarudi bwenini, akaketi kitandani kufikiri, na kitanda kikalia kwii. Shekalaghe akainama, akatazama. Mguu wa kitanda ule ulikuwa mninga mtupu, wa zamani sana. Akaukata. Akaweka matofali mahali pake. Akachonga, akapiga msasa, akatia gundi, akafunga nyuzi. Tangu siku hiyo alilala ameinamia upande mmoja, na asubuhi alitembea ameinamia upande mmoja, lakini besi ilisimama wima.

Basi mlango umefunguka, na besi imepona. Ikabaki kupigwa. Na hapo, ndugu zangu, ndipo wote watatu waliposema, "Mimi."

Mwalimu Nzowa akawafundisha wote, kwa zamu, kabla ya kuandika jina la mmoja. Shekalaghe alikuwa na vidole vizuri, lakini katikati ya wimbo alizoea kusimama ghafla, akaweka sikio kwenye ubao na kusema, "Mmeisikia hiyo? Kuna kitu kinatikisika hapa ndani," na okestra nzima ikamsubiri atafute. Kokusima alijua noti mbili. Mbili tu. Ukimwonyesha ya tatu anaibishia. Lakini noti zake zile mbili alizipiga kwa mapigo yasiyotetereka, dum, dum, dum, dum, hata mpiga ngoma akawa anamtazama yeye.

Na Tusekile? Tusekile aliikumbatia besi, akaweka upinde juu ya uzi mzito, akavuta. Sauti ikatoka. Aliisikia ikimpanda kutoka kwenye nyayo, ikapita magotini, ikaingia mbavuni, mahali palepale alipokuwa ameifungia sauti yake mwenyewe. Akavuta tena. Alisahau kula. Alikuja kabla ya wengine na kuondoka baada ya wengine. Vidole vikatoka malengelenge, akavipaka mafuta ya kulainisha chuchu za ng'ombe, akaendelea. Siku moja Mwalimu Nzowa alimsikiliza wimbo mzima akafumba macho, Tusekile akashtuka, akasimamisha upinde.

"Nimekosea wapi, Mwalimu?"

"Hujakosea," akasema Mwalimu. "Endelea."

Ikaja siku ya mahafali. Ukumbi umejaa, wazazi wamevaa vitenge vipya, mgeni rasmi kakaa mbele. Mwalimu Nzowa alikuwa ametangaza kwamba leo, mwisho wa onyesho, mpiga besi mpya atavishwa koti la kijani mbele ya watu wote. Koti lenyewe lilikuwa limetundikwa kwenye msumari pembeni ya jukwaa, vifungo vinang'aa. Nyimbo ni tatu. Tusekile ndiye atakayepiga, wale wenzake wakae pembeni wakitazama. Kila mtu alijua koti lile linakwenda wapi. Hata Shekalaghe alijua, hata Kokusima alijua, ingawa Kokusima hakulikubali.

Wimbo wa kwanza ukapigwa. Nawaambieni, ulipigwa! Fidla zilikwenda juu, tarumbeta zikazifuata, na chini kabisa Tusekile akazibeba zote. Mamaye alikuwa kwenye viti vya kati, amesafiri kutoka Tukuyu, naye akamwambia jirani yake kwa sauti, "Yule mwanangu! Yule mwenye kabati!" Tusekile akatabasamu. Kwa mara ya kwanza tangu utoto alijisikia kwamba mwili wake na sauti yake vimepewa mahali pa kukaa.

Watu wakapiga makofi. Makofi hayajaisha, mlango wa nyuma ukafunguka pwaa! Akaingia Mzee Chengula, mchungaji wa zizi la chuo, anahema, kofia mkononi.

"Daktari!" akapiga kelele. "Daktari Tusekile! Waziri amekwama!"

Mgeni rasmi akanyanyuka kitini. Walinzi wakatazamana. "Waziri yupi?"

"Waziri wetu! Tangu asubuhi anasukuma! Mguu mmoja umetoka, mwingine umebaki ndani!"

Mama mmoja akashika mdomo, mwingine akaanza kusali. Waziri, ndugu zangu, ni mtamba wa chuo. Mzee Chengula alimpa jina hilo kwa sababu ni mnene na hapendi kusubirishwa. Ulikuwa uzazi wake wa kwanza, na walimu wote wa mifugo walikuwa wamekwenda kijiji cha mbali kuchanja. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wamevaa majoho, wanangoja shahada, na Mzee Chengula alikuwa amekwisha kuwauliza. Mmoja alisema joho ni la kuazima. Mwingine alisema hajawahi kumzalisha ng'ombe, aliona kwenye picha.

Tusekile alisimama na upinde mkononi. Akatazama koti kwenye msumari. Akamtazama mama yake. Akamtazama Mwalimu Nzowa, naye Mwalimu akatazama karatasi zake, maana hakutaka kumwamulia. Tusekile alijua akibaki, Waziri atakufa, na ndama atakufa. Akiondoka, besi itanyamaza mbele ya watu wote, na nani atampa koti mtu aliyekimbia jukwaa?  Akahesabu watu pale, akaona wapo watakaoshika upinde. Akahesabu watu wa zizini, akaona hakuna.

Akampa Shekalaghe upinde. "Shika," akasema, akashuka mbio, sketi nyeusi ya onyesho kaikusanya mkononi.

Wimbo wa pili akapiga Shekalaghe. Akapiga vizuri, tena safari hii hakusimama kusikiliza chochote. Bora angesikiliza. Katikati ya wimbo ikasikika krak! Gundi ya shingo imeachia. Nyuzi zikalegea, besi ikakoroma kama mlevi. Mwalimu Nzowa akafumba macho. Shekalaghe hakupoteza muda. Akaushika mguu wake wa kitanda kwa mikono miwili, akaukandamiza palipoachia, akapiga goti, akaiegemeza besi begani. Nyuzi zikakaza. Jasho likamtoka. Lakini mikono yote miwili imeshika. Nani apige?

Kokusima alikwisha kupanda jukwaani, hakuna aliyemwita. Akauokota upinde, akasimama juu ya Shekalaghe kama mtu anayemkamua ng'ombe mkaidi, akaanza: dum, dum, dum, dum. Noti mbili. Zikifaa, anazipiga. Zisipofaa, anazipiga vilevile, ila kwa sauti ndogo. Fidla zilizokuwa zimeanza kutawanyika zikasikia mapigo yale, zikarudi. Wimbo wa pili ukaisha salama. Wa tatu ukaanza. Huyu anashikilia, yule anapiga, na watu ukumbini wamesahau hata kukohoa.

Lakini wimbo wa tatu mwisho wake ni wa besi peke yake. Wote wananyamaza, na besi inashuka taratibu mpaka kwenye noti nzito kuliko zote, inakaa hapo mpaka inaisha. Na noti hizo Kokusima hakuwa nazo. Alijua, na Mwalimu alijua, na mwisho ulikuwa unakuja.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Tusekile akaingia na mabuti ya mpira, mkono mmoja umelowa mpaka begani, majani kichwani. Akapita katikati ya majoho mapya, nayo yakampisha upesi. Akapanda. Kokusima akamwachia upinde, kwa mara ya kwanza maishani mwake bila kubisha. Shekalaghe, pale chini, akauma meno. Fidla zikanyamaza, tarumbeta zikanyamaza, na Tusekile akavuta ile noti ya mwisho. Ikajaa ukumbi, ikagonga madirisha, na kutoka nyuma ya ukuta, zizini, kitu kidogo, chenye sauti mpya kabisa, kikaitika: mooo.

Watu walisimama. Mama yake Tusekile alipiga vigelegele mpaka akashikiliwa. Mgeni rasmi alipiga makofi, akauliza Waziri anaendeleaje, akaambiwa mama na mtoto wote wazima.

Halafu Mwalimu Nzowa akalitoa koti kwenye msumari.  Akampelekea mgeni rasmi, naye mgeni akarudi nyuma hatua moja, akasema, "Mimi nimekuja kutoa shahada tu. Hilo la kwenu."

"Wapokezane," mtu akapiga kelele.

"Haiwezekani," akasema Mwalimu. "Mtu mmoja, jina moja, mpaka ahitimu. Tulikubaliana na mwanasheria wao." Kokusima akatazama dari. Mwalimu akasema, "Semeni wenyewe."

Shekalaghe akasema, akijinyoosha mgongo, "Mwalimu, kusingekuwa na mimi, leo mngekuwa na kiti na koti bila besi. Ile shingo ni mguu wa kitanda changu. Nimeitengeneza kwa mikono hii, na ilipovunjika nimeishika kwa mikono hii."

"Na ilivunjika kwa sababu ya gundi yako. Ikiachia tena?"

"Nitaishika tena."

Kokusima akasema, "Mwalimu, kusingekuwa na mimi, hakuna hata mmoja wetu angepanda hapa. Mlango ulifungwa, nikaufungua. Na leo, yule wa kwanza alipoondoka na wa pili alipokwama, nani aliuzuia muziki usife? Noti zangu ni mbili, lakini zilikuwapo zilipohitajika."

"Ni mbili kweli. Tungoje mpaka lini upate ya tatu?"

"Nitaipata, Mwalimu. Ila nitaihoji kwanza."

Ikawa zamu ya Tusekile.  Kisha akasema, na safari hii hakunong'ona. Sauti yake nzito ikafika mpaka viti vya nyuma, na hakuna aliyecheka.

"Mwalimu, mlango sikuufungua mimi. Besi sikuitengeneza mimi. Mimi niliipiga. Niliipiga mpaka vidole vikachubuka, na humu ndani hakuna anayeipiga kama mimi, wewe mwenyewe unajua. Niliondoka, ni kweli. Niliondoka kwa kuwa kule hakukuwa na mwingine."

Mwalimu Nzowa akamgeukia. "Na siku ya onyesho jingine, ng'ombe mwingine akikwama?"

Tusekile angeweza kudanganya. Mama yake, pale kwenye viti vya kati, alikuwa akimwonyesha kwa mikono adanganye. Koti lilikuwa karibu, angeweza kuligusa.

"Nitakwenda, Mwalimu," akasema.

Ukumbi ukavuma. Wengine wakasema, "Mnaona? Apewe mkweli!" Wengine wakasema, "Okestra gani hiyo ya kuomba ng'ombe wasizae?" Wahandisi wakawa upande wa Shekalaghe, wanasheria wakawa pande zote tatu, na Mzee Chengula, aliyesimama mlangoni, akasema kama ni yeye angelipeleka zizini, maana kule kuna baridi na mtoto kazaliwa leo.

Mwalimu Nzowa amesimama katikati ya jukwaa, koti mkononi, na mbele yake mabega matatu. Kulia, aliyefungua mlango. Kushoto, aliyeiponya besi. Katikati, aliyeipiga kuliko wote, akaiacha, na ataiacha tena.

Mkono wake unaanza kuchoka. Haya, ninyi mliokaa hapa: kama mngekuwa yeye, mngemvisha nani?